Ujuzi Kwanza au Kiwanda Kwanza?

Ripoti ya hali ya uchumi iliyotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mwaka 2025 ina hesabu ambayo kila mzazi wa Nairobi angestahili kuisoma. Mwaka 2024, ukiacha ukulima mdogo mdogo, Kenya ilipata nafasi mpya za kazi 782,300. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Sekta rasmi, ile yenye hati ya malipo na makato ya NSSF, hazina ya akiba ya uzeeni, iliongeza nafasi 78,600 pekee. Mwaka huo huo, watahiniwa 962,512 walifanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili.

Kuhusu chanzo cha pengo hilo, wanaofuatilia uchumi wa nchi hii wamegawanyika. Kuna wanaosema vijana wetu hawana ujuzi unaohitajika, na kwamba tukiwafunza vizuri wawekezaji watakuja wenyewe. Wengine wanauliza: wafunzwe ili wakafanye kazi wapi? Serikali, vyuo na wafadhili wamekuwa wakijibu kwa kauli ya kambi ya kwanza kwa miaka mingi, na fedha nyingi zimefuata kauli hiyo. Kambi zote mbili zina haja ya kusikilizwa kwa makini kuliko zinavyosikilizwa.

Nianze na waajiri, hasa wenye viwanda vya Industrial Area, Baba Dogo na Athi River. Malalamiko yao ni kwamba mhitimu wa diploma ya umeme anafika kazini akiwa hajawahi kugusa mtambo unaoendeshwa na kompyuta. Karakana ya chuo chake ina mashine za enzi nyingine, na zamu ya kuzigusa inagawanywa kwa darasa zima. Alipopelekwa kupata uzoefu kazini kwa miezi mitatu, alitumwa chai na faili. Mtambo ukiharibika, kampuni inasubiri fundi atoke ng'ambo, na kila saa ya kusubiri inaongezwa kwenye bei ya bidhaa.

Nyuma ya malalamiko hayo kuna hoja nzito zaidi. Mnamo Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Hakuna anayelipa kodi ya chumba Mukuru kwa Njenga, akanunua unga na kutoa nauli, atakayesema hizo ni pesa nyingi. Lakini nchini Ethiopia, ambako eneo la viwanda la Hawassa lilifunguliwa mwaka 2016, sekta ya kibinafsi haina kima cha chini kilichowekwa kisheria, na stima ni nafuu kuliko yetu. Mwekezaji anayetafuta mikono ya bei ya chini ana pa kwenda, na hatuwezi kumzuia kwa kuwapunguzia Wakenya mshahara ambao tayari hauwatoshi. Kilichobaki ni kuuza kazi ambayo wengine hawaijui kama sisi. Hii ndiyo hoja inayonifanya nisiwapuuze waajiri, hata wanapoisema kwa sababu zao wenyewe.

Kambi ya pili inajibu kwa takwimu. Mchango wa viwanda katika pato la taifa uko chini ya asilimia 8, na umekuwa ukishuka, katika miaka hiyo hiyo ambapo vyuo anuwai, yaani vyuo vya ufundi, vimefunguliwa katika maeneobunge mengi. Kama ukosefu wa mafunzo ndio uliokuwa tatizo kuu, viwanda vingeongezeka pamoja na wahitimu. Stima ni ghali na hukatika. Ushuru hubadilika kila Sheria ya Fedha inapopitishwa, na mwenye kiwanda hawezi kupanga hata miaka miwili mbele. Mzalishaji anayeuzia serikali hukaa muda mrefu akingoja malipo. Katika hali hiyo, ukifunza wachomeleaji elfu kumi zaidi bila kuongeza milango na madirisha ya kuchomelea, umewashusha bei waliokuwapo.

Pia kuna jambo ambalo kambi hii hulitaja kwa uchungu, nami naungana nayo. Kusema vijana hawana ujuzi ni kuwatwika lawama wale wale walioumia. Msichana wa Kayole aliyesoma, akafaulu, akalipa karo kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na sasa anauza vifuniko vya simu Luthuli Avenue, hakukosa bidii wala akili. Alifanya kila alichoambiwa afanye.

Wapo wanaoona njia ya tatu: tufunze, tuwapeleke nje. Kenya ilitia saini mkataba wa wauguzi na Uingereza mwaka 2021, na wa wafanyakazi na Ujerumani mwezi Septemba 2024. Pesa zilizotumwa nyumbani na Wakenya wa ughaibuni mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na nyumba nyingi zinaishi kwa pesa hizo. Sina ubishi nazo. Ila fundi mwenye uzoefu anapoondoka, na aliyekuwa akijifunza chini yake amepoteza mwalimu.

Mjadala huu wa ujuzi au viwanda unazungumzwa kana kwamba ulianza jana, ilhali tumeshaupitia zaidi ya mara moja. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha chuo cha ufundi Kabete, kwa ajili ya Waafrika. Mwaka huo huo tume ya elimu ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilizuru Afrika Mashariki ikapendekeza elimu ya kazi za mikono kwa Waafrika. Elimu ya vitabu, iliyofungua ofisi na madaraka, haikukusudiwa wao. Wazee wetu walielewa maana yake upesi. Shule huru za Wakikuyu zilizojengwa miaka ya 1930 zilidai elimu kamili, Kiingereza kikiwemo, kwa kuwa wazazi walikuwa wamekataa watoto wao wafunzwe kuwa vijakazi wenye cheti. Kwa hiyo mzazi wa leo anayemsukuma mwanawe chuo kikuu hata kwa kozi isiyo na soko hafanyi hivyo kwa kiburi au ujinga. Anakumbuka, hata kama hajui kwamba anakumbuka, kwamba ufundi ulikuwa njia waliyotengewa waliodharauliwa.

Serikali huru haikuondoa dharau hiyo. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya upili, minne ya chuo kikuu), uliopendekezwa na tume ya Mackay mwaka 1981 na kuanza mwaka 1985, ulikuja na ahadi zile zile tunazozisikia sasa: mwanafunzi atajifunza useremala, uashi, ukulima na sayansi kimu, atoke shuleni anajitegemea. Wazazi waliambiwa wachange kujenga karakana. Shule zenye uwezo zikajenga, zisizo na uwezo zikafundisha useremala ubaoni. Mtaala ulipopunguzwa mwaka 2002, masomo mengi ya mikono yaliondoka katika shule za msingi kimya kimya. Kisha tukavichukua vyuo vyetu bora vya ufundi tukavifanya vyuo vikuu. Kenya Polytechnic pale Haile Selassie Avenue, kilichokuwa kikitoa mafundi sanifu tangu 1961, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na kile cha Mombasa vivyo hivyo. Ujumbe uliomfikia kijana ni kwamba fundi mzuri ni yule aliyeacha kuwa fundi.

Na bado tunauendeleza. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama inayofungua mlango wa chuo kikuu. Hao ni takriban robo. Robo tatu waliosalia ndio wanaoelekezwa vyuo anuwai, na wanaelekezwa kwa lugha ya kufariji, kana kwamba wamefiwa. Nani atamwamini fundi wa mitambo aliyeingia kozi hiyo kwa sababu alikataliwa kwingine?

Nikipima pande zote mbili, naona kambi ya pili ina haki kuhusu chanzo cha umaskini wetu wa ajira, na ya kwanza ina haki kuhusu mahali pekee tunapoweza kushindana. Lakini zote mbili zinadhani kwamba ujuzi hutengenezwa shuleni kisha hupelekwa kazini, na hapo ndipo ninapotofautiana nazo. Anayetaka kuona vinginevyo aende Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi. Pale kijana huanza kwa kushikilia bati likikatwa, halafu anapewa nyundo, halafu anaachiwa karai moja akosee mwenyewe. Baada ya muda anatengeneza masanduku, majiko, wilbaro na mashine za kukata chipsi zinazouzwa nchi nzima na kuvuka mipaka. Hakuna aliyemlipia karo na hakuna aliyempa hati. Shirika la Kazi Duniani lilipoleta ujumbe wake Kenya mwaka 1972, ripoti yake iliieleza dunia kwamba sekta hii ya watu wadogo inazalisha na inastahili kusaidiwa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, askari wa jiji bado ndio wanaoifahamu kuliko Wizara ya Elimu.

Sitaki kuipamba Kamukunji. Kelele zake huua masikio, wengi hawavai kinga ya macho, na mwanafunzi anayefunzwa na fundi asiyejua kusoma mchoro naye hatajua kuusoma. Ujuzi wake hufika mahali ukakwama: anaweza kuiga kila kitu, ila hawezi kubuni kipimo kipya wala kuomba zabuni. Vitu hivyo ndivyo chuo kingempa, siku mbili kwa wiki, huku siku nyingine akibaki kazini.

Fedha za kuanzia mpango kama huo zipo. Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, zinazokwenda kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Kiwanda chenye watu 400 hulipa shilingi 240,000 kwa mwaka, na kinaweza kudai marejesho kikiwafunza wafanyakazi kwa mpango ulioidhinishwa. Kampuni kubwa ina karani wa kujaza fomu hizo. Watu wanne wenye mashine ya kukereza vyuma Grogan, mtaa wa gereji jijini, hawana, na ndio wanaochukua wanafunzi wengi zaidi. Kama fedha hizo zingemfuata mwanafunzi hadi kwa fundi anayemfunza, zikamlipa kijana posho ya nauli na chakula, na mwishoni akafanya mtihani wa gredi wa NITA uliopo tayari, mpango huu usingehitaji jengo jipya hata moja.

Waajiri watasema: nikimfunza, jirani atamchukua. Ni kweli, na ndiyo sababu gharama haiwezi kuachiwa mwajiri mmoja. Vyama vya wafanyakazi vitasema: wanafunzi watageuzwa vibarua wa bure. Hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa tumeyaona. Bila mkataba wenye muda maalumu, posho ya lazima na mkaguzi anayefika bila kutangaza, ningeupinga mpango huu mimi mwenyewe. Nami sidai kwamba utashusha bei ya stima. Hilo linabaki deni la serikali, na kijana mwenye ujuzi kamili bado atahama kiwanda kikihama.

Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4, liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mpango wa serikali ni kwamba takriban asilimia 60 yao wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shule nyingi walizoingia hazina maabara ya kutosha, sembuse karakana. Watamaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa 2028. Kabla ya hapo, Wizara ya Elimu na Wizara ya Leba zinapaswa kukubaliana ni karakana zipi za Industrial Area, Kamukunji na Grogan zitakazowapokea, na nani atalipa posho yao ya mwezi wa kwanza.