Kalibu inanasa: upake Teflon au uendelee kupiga spre?

Bidhaa ikianza kunasa kwenye kalibu (umbo la kumiminia plastiki, raba au rezini), au gundi ikiganda kwenye rola, jibu la wengi ni moja tu, paka Teflon yaishe. Mimi nakubali nusu.

Nusu ninayokubali ni hii: PTFE, plastiki telezi inayojulikana kwa jina la Teflon, ambayo Roy Plunkett aliigundua bila kutarajia mwaka 1938 pale DuPont, karibu hakuna kitu kinachoishika, si gundi, si raba, si rezini. Ukiwa na utando wake huhitaji tena kupulizia spre ya kuzuia kunasa kila mzunguko, na hapo ndo faida kubwa ilipo, sababu spre ya silikoni inahamia kwenye bidhaa yenyewe, alafu ukija kupaka rangi inakataa, inaacha vishimo vishimo, gundi nayo haishiki, na watu wanamlaumu fundi rangi wakati kosa limeanzia kwenye kalibu.

Sasa upande wa pili. Utando wenyewe ni laini, na mara nyingi unene wake ni makumi machache tu ya maikroni (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa iyo ukiumwagia plastiki yenye nyuzi za kioo unasuguliwa kama kwa msasa. Alafu kuna joto, na hili watu hawaliulizi kabisa: kuiva kwake kunataka oveni ya zaidi ya nyuzi 327 za Selsiasi, maana PTFE inayeyukia hapo, na chuma kilichokazwa kwa moto au alumini iliyotibiwa inaweza kupoteza ugumu humo humo ndani ya oveni. Kikazini nako mwisho ni kama nyuzi 260, ukizidisha inaanza kuharibika na moshi wake ni hatari kwa anayeuvuta.

Mazingira pia tusiyapite. PFOA, kemikali iliyokuwa ikitumika kutengeneza PTFE, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, kwa sababu haiozi na inadhuru.

Spre haina makuu, hufungui mashine na ukikosea unafuta unarudia, ila kwa kazi ya raba au rezini ya kila siku mimi ningepaka utando bila kusita. Ila kwanza iangalie kalibu vizuri, kama imejaa mikwaruzo basi shida yako ni msuguano, na hapo nikeli iliyochanganywa na chembe za PTFE inafaa zaidi, haitelezi kama PTFE tupu ila ni ngumu kuizidi, na inapakwa kwa kuichovya kalibu kwenye maji ya dawa yenye joto la chini ya nyuzi 100 kwa iyo chuma chako kinabaki na ugumu wake.