Mgeni Huingia, Mvuvi Hubaki Nje: Hesabu ya Hifadhi za Bahari Pwani

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Ndani ya mipaka yake mgeni aliyelipa kiingilio hupanda mashua, huogelea juu ya matumbawe na kuwatazama samaki kwa karibu, ilhali mvuvi aliyezaliwa ufukweni hapo haruhusiwi kutupa hata mshipi. Mvuvi akilalamika, jibu analolipata mara nyingi ni kwamba anahitaji elimu ya uhifadhi. Jibu hilo halimtendei haki.

Watetezi wa hifadhi wana hoja nzito. Samaki akiachwa akakua hutaga mayai mengi zaidi, na baadhi ya samaki huvuka mpaka na kuingia maji yanayovuliwa. Watafiti waliofuatilia uvuvi kandokando ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986, waliona kuwa madema, yaani mitego ya kusuka ya samaki, yaliyotegwa karibu na mpaka yalipata samaki wengi na wakubwa kuliko yaliyotegwa mbali. Aidha, kiingilio cha wageni husaidia kulipia askari na mafuta ya boti za doria. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho ulinzi wa miamba yake unategemea zaidi fedha za watalii, kilionja ugumu wa utegemezi huo wageni walipokatika mwaka 2020.

Hata hivyo, hoja hizo hazigusi majira, na hapo ndipo penye kiini cha malalamiko. Upepo wa kusi unapovuma, kuanzia takriban Aprili, bahari ya nje ya mwamba wa matumbawe huchafuka kiasi kwamba mwenye mtumbwi au ngalawa hathubutu kuvuka. Hubakiwa na maji ya ndani ya mwamba tu, yaliyo matulivu na yenye kina kidogo. Utulivu huohuo ndio unaoyafanya maji hayo yamfae mgeni asiye hodari wa kuogelea, na ndiyo maana sehemu muhimu za hifadhi zimechorwa hapo. Sasa tazama upande wa pili wa kalenda: wageni wengi huja wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, na ifikapo Mei fukwe huwa karibu tupu. Kwa hiyo kijana aliyeacha wavu akawa nahodha wa mashua ya watalii hukosa kazi katika miezi ileile ambayo baba yake hana mahali pengine pa kuvua. Samaki wanaovuka mpaka ni faida ya kweli, lakini huenda kwa yeyote mwenye dema karibu na mpaka, si lazima kwa aliyepoteza eneo lake.

Kufungua hifadhi wakati wa kusi si suluhisho, kwa kuwa miezi michache ya uvuvi yaweza kumaliza samaki waliokua kwa miaka. Lakini mipaka inaweza kuchorwa kwa namna nyingine. Mpunguti, hifadhi iliyo jirani ya ile ya Kisite kusini mwa pwani ya Kenya, huruhusu uvuvi wa asili. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya mwaka 1995, ina vijiji ndani yake na maeneo yenye masharti tofauti. Mfano unaonigusa zaidi ni Kuruwitu, Kilifi, ambako wavuvi wenyewe walikubaliana mwaka 2005 kufunga takriban hekta 30, na leo wageni hulipa kuingia humo. Kule aliyefunga ndiye anayepokea.

Hifadhi za taifa zinaweza kufanya jambo linalokaribiana na hilo: sehemu ya kiingilio cha kaskazi iwekwe akiba kwa ajili ya wavuvi wa bandari jirani wakati wa kusi, na vikundi vya usimamizi wa fukwe viwe na kura, si kiti cha kusikiliza tu, kila mipaka inapojadiliwa.