Mshika Mbili Kazini: Hasara Humwangukia Nani?

Kazi ya kugawa dawa wodini huonekana nyepesi kwa anayeitazama akiwa mlangoni. Muuguzi husukuma toroli kutoka kitanda hadi kitanda, husoma karatasi ya matibabu, hutaja jina la mgonjwa, huhesabu vidonge au huvuta dawa kwa bomba la sindano, kisha huweka sahihi na kusogea mbele. Anayekaa humo kwa saa nzima huona jambo jingine. Ndugu wa mgonjwa anauliza mbona dripu haitiririki, daktari aliye kwenye raundi anataka faili, simu ya maabara inalia, mwanafunzi wa uuguzi hajui pamba zimewekwa wapi, na kila mmoja wao huondoka akiwa amejibiwa vizuri. Anayebaki na tatizo ni muuguzi, aliyesimama na bomba mkononi akijaribu kukumbuka kama ilikuwa mililita 2 au 5.

Mwaka 2010 watafiti wa Australia wakiongozwa na Johanna Westbrook walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney walipokuwa wakitoa dawa mara 4,271 kwa wagonjwa 720. Zaidi ya nusu ya utoaji huo ulikatizwa, na kila mara muuguzi alipokatizwa, makosa ya utaratibu, kama vile kutohakiki utambulisho wa mgonjwa, yaliongezeka kwa asilimia 12.1, na makosa ya kitabibu, kama vile dozi isiyo sahihi, kwa asilimia 12.7. Nimeanza na wauguzi badala ya mameneja, ambao ndio huandikiwa nasaha nyingi za kupanga muda, kwa sababu wodini hasara ya kushika mambo mengi kwa pamoja haifichiki. Ofisini kosa linaweza kulala ndani ya faili hadi ukaguzi wa mwaka. Wodini kosa lina namba ya kitanda.

Kinachotokea kichwani kimejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Arthur Jersild aliwapa watu orodha za mazoezi na kulinganisha muda waliotumia walipofanya zoezi la aina moja mfululizo na walipopokezana aina mbili za mazoezi, akaona kwamba kule kupokezana kwenyewe kunaweza kugharimu muda. Watafiti waliomfuata wamethibitisha kwamba sehemu ya gharama hiyo haiondoki hata mtu anapojua mapema kuwa atahama na kupewa nafasi ya kujiandaa. Sophie Leroy aliongeza jambo muhimu mwaka 2009 alipoonyesha kwamba mtu anayeacha kazi bila kuimaliza huhamia kazi ya pili akiwa bado amebeba masalia ya ile ya kwanza, na kwa hiyo kazi ya pili hupata akili pungufu. Mhasibu aliyeitwa kwenye kikao katikati ya kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha anaelewa hili bila kuhitaji maabara: mwili uko kikaoni, lakini akili bado inaitafuta ile tofauti ya shilingi elfu arobaini.

Kwa hiyo usemi kwamba mtu “anafanya mambo mengi kwa wakati mmoja” huficha ukweli kwamba mara nyingi anahama kutoka jambo moja hadi jingine kwa kasi, na kila anapohama analipa. Hata hivyo, wanaoitetea desturi hii wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri.

Wanaweza kutuonyesha mama lishe. Ana majiko matatu, wali unakaribia kukauka, maharage yanachemka, samaki wako kwenye mafuta, na papo hapo anapokea pesa, anarudisha chenji, na anamkumbusha mteja wa jana deni lake. Hakuna anayemwambia apike chungu kimoja hadi kiive ndipo aanze kingine. Jibu la kawaida ni kwamba mikono yake imezoea, na ni kweli, lakini mazoea pekee hayatoshi kueleza. Vyungu vyake vyote vinaelekea lengo moja, yaani chakula cha mchana, na kila chungu hujieleza chenyewe kwa harufu na mlio, hivyo hahitaji kukumbuka alikuwa amefika wapi. Mhasibu hana harufu ya kumwambia kwamba hesabu inaungua. Mfano wa mama lishe basi unathibitisha kwamba ustadi wa aina hii upo, ila hauthibitishi kwamba unahamishika kwenda kwenye meza ya mwanasheria au mhandisi.

Hoja ya pili ni ya kasi. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake, waliwapa watu 48 kazi ya kujibu barua pepe huku wengine wakikatizwa na wengine wakiachwa. Waliokatizwa walimaliza haraka zaidi, na ubora wa kazi yao haukupungua. Mwajiri anayesoma hapo na kufunga ukurasa ana kila sababu ya kufurahi. Lakini watu walewale waliripoti msongo, kuchoshwa, na kuhisi wanakimbizwa na muda kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, walifidia usumbufu kwa kujikaza, na huko kujikaza hakuonekani kwenye kazi iliyokabidhiwa. Nadhani huu ndio utafiti unaoeleza vizuri zaidi kwa nini ofisi nyingi haziamini kwamba zina tatizo: kazi inatoka, tena inatoka mapema, na malipo yanakatwa mahali ambapo mkuu wa idara hapaoni.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nibadili msimamo wangu wa awali, nao ulikuwa kwamba dawa ni kushika jambo moja tu. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya shirika la Eastern Air Lines, safari namba 401 kutoka New York, ilikuwa inakaribia kutua Miami ikiwa na watu 176. Taa ndogo inayothibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga haikuwaka. Ndege ikapandishwa hadi futi 2,000, mtambo wa kujiendesha ukawashwa, na chumba kizima cha marubani kikageukia ile taa. Mmoja alihangaika kuichomoa mahali pake, mwingine alishuka chini ya sakafu kwenda kuchungulia gurudumu kwa macho. Mtambo ukaacha kushikilia mwinuko bila yeyote kutambua. Mlio wa tahadhari ulinaswa na kinasa sauti, lakini haukuwashtua. Mwongoza ndege aliyeona namba ya mwinuko ikipungua kwenye skrini yake aliuliza tu mambo yanaendeleaje huko, akajibiwa kwa utulivu. Ndege iliangukia kinamasi cha Everglades na watu 101 walifariki. Gurudumu lilikuwa limeshuka salama. Kilichoharibika kilikuwa balbu.

Watu hao hawakuwa wamegawanya akili zao. Walikuwa wameikusanya yote mahali pamoja, kama washauri wa kazi wanavyotuhimiza leo, na kilichokosekana ni mtu wa kuwakatiza kwa sauti kubwa zaidi ya adabu. Haikupita miaka miwili shirika hilohilo likapata ajali ya namna nyingine kabisa. Tarehe 11 Septemba 1974, safari namba 212 ilianguka katika ukungu wa asubuhi kabla ya kufika uwanja wa Charlotte, North Carolina, na zaidi ya watu 70 wakafariki. Kinasa sauti kilionyesha kwamba marubani walikuwa wakishuka huku wakizungumza siasa na magari yaliyotumika. Ajali moja ilitokana na umakini uliozidi, nyingine na umakini uliotawanyika, na ushauri wa “zingatia jambo moja” ungeweza kuizuia moja tu kati ya hizo mbili.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akitazame kwa makini. Mwaka 1981 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa kanuni inayokataza shughuli zote zisizohusu usalama wa ndege wakati wa kuondoka, wakati wa kutua, na kwa jumla chini ya futi 10,000, isipokuwa ndege ikiwa tayari imetulia katika mwinuko wa safari. Kanuni hiyo haikuanza kwa kumwonya rubani. Inaanza kwa kulikataza shirika lisimtake rubani afanye shughuli hizo, ndipo inamkataza rubani mwenyewe kuzifanya. Wala haikudai umakini wa safari nzima, jambo lisilowezekana kwa binadamu. Ilichagua dakika chache zinazoua, ikaziwekea uzio, na nje ya uzio huo marubani waliachwa wazungumze siasa wapendavyo.

Tofauti hiyo ya nani anakatazwa kwanza ndiyo inayokosekana katika mijadala yetu. Mtu anayemkatiza mwenzake hupata jibu lake kwa nusu dakika na kuendelea na safari. Gharama yote hubaki kwa aliyekatizwa, na kwa kuwa haiandikwi mahali popote, kwa anayekatiza ni kama haipo. Tena usumbufu una mwelekeo. Katika ofisi zetu hushuka kutoka juu kwenda chini kama maji ya mvua. Mkurugenzi husema “njoo mara moja” na afisa huacha alichokuwa akikifanya. Agizo hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, na baada ya dakika kumi majibu ya “Nimepokea, mkuu” yamejipanga kama askari kwenye gwaride, kwa kuwa anayekaa kimya huhesabiwa kuwa hayupo kazini. Kumshauri mtu wa ngazi hiyo azime simu kwa saa mbili ni kumshauri atumie haki ambayo hajapewa. Anayeweza kufunga mlango ni yule ambaye tayari ana mlango.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mzabuni mmoja alilipwa mara mbili kwa ankara ileile. Aliyeandaa malipo alipewa barua ya onyo, na ilikuwa haki, kwani sahihi ilikuwa yake. Lakini mchana huo alikuwa ameitwa na wakubwa watatu tofauti, kila mmoja kwa jambo lake la haraka, na barua ile haikuwa na nafasi ya kutaja hilo. Tangazo la nafasi yake lilikuwa limedai mtu “mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo”, maneno ambayo, ukiyasoma vizuri, ni taarifa ya mwajiri kwamba shinikizo litakuwepo na hatajihangaisha kulipunguza.

Haki inanidai niseme pia kwamba wafanyakazi wenyewe si malaika. Wengi wetu tunaona fahari kuonekana tumezongwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliwapima watu 200 wakiendesha gari la kuigiza huku wakizungumza na simu, na mwaka 2010 waliripoti kwamba ni asilimia 2.5 tu ambao utendaji wao haukushuka; utafiti mwingine wa chuo hichohicho, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wanaopenda zaidi kushika mambo mengi ndio wenye uwezo mdogo zaidi wa kufanya hivyo, na hujikadiria kupita kiasi. Kwa upande mwingine, madai kwamba tabia hii huharibu ubongo moja kwa moja yamevuka mipaka ya ushahidi. Utafiti maarufu wa Stanford wa mwaka 2009 ulikuta kwamba wanaotumia vyombo vingi vya habari kwa pamoja hushindwa kupuuza yasiyohusika, lakini haukuweza kusema kipi kilitangulia, tabia au udhaifu, na majaribio ya kuurudia yametoa matokeo yanayotofautiana.

Sheria nazo zimeanza kugusa jambo hili, ila kwa pembeni. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana kwa simu na barua pepe baada ya kazi. Kenya ilipata mswada wa aina hiyo mwaka 2022 kupitia Seneta Samson Cherarkey, na waajiri waliupinga kupitia shirikisho lao. Hatua hizi zinalinda jioni ya mfanyakazi, na jioni inastahili kulindwa. Lakini muuguzi hukatizwa saa nne asubuhi, akiwa zamuni kihalali, na watu wenye sababu halali.

Hospitali moja ya Sydney ilijaribu njia ya usafiri wa anga: wauguzi walivaa vizibao vyenye maandishi ya kuomba wasikatizwe wakati wa kutoa dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanaonyesha kwamba kukatizwa kulipungua kiasi, ila wauguzi walilalamika kuwa vizibao vina joto na vinawapotezea muda, na chini ya nusu yao walitaka viendelee. Siwalaumu. Kizibao humpa anayekatizwa mzigo wa kujikinga, na pia hakitofautishi kati ya ndugu anayeulizia saa ya kuona wagonjwa na muuguzi mwenza anayesema, “Subiri, huyo ana mzio wa penisilini.”

Njia nyingine ni kumteua mtu mmoja katika kila zamu apokee simu, ndugu na madaktari kwa niaba ya wenzake wakati dawa zinapogawiwa, na awe na mamlaka ya kumwambia hata daktari bingwa asubiri dakika ishirini. Hiyo inaelekea kuwa karibu zaidi na kanuni ya 1981, kwa kuwa inamzuia anayekatiza kabla hajafika kwenye toroli. Tatizo lake ni la hesabu ndogo sana: katika wodi yenye wauguzi wawili usiku mzima, wa kupokea simu na wa kugawa dawa wakishapatikana, hakuna aliyebaki wa kukaa na mgonjwa anayehema kwa shida kwenye kitanda cha mwisho.