Salzburg wana ngazi za Do-Re-Mi, nyumbani tuna somo lenyewe

Nikiwaambia watu wa nyumbani Tanzania kwamba naishi Salzburg, Austria, wengi hawaulizi habari za baridi wala mshahara. Wanauliza kama nimefika kwenye zile ngazi. Ni ngazi za bustani ya Mirabell, ambako Julie Andrews na watoto saba wanamalizia wimbo wa “Do-Re-Mi” katika filamu ya The Sound of Music, hadithi ya Maria, mlezi anayewafundisha kuimba watoto wa Kapteni von Trapp kabla familia hiyo haijawakimbia Wanazi. Nimefika, na hupita hapo mara nyingi nikienda kazini. Kiangazi kizima wageni kutoka kila pembe ya dunia hurukaruka juu ya ngazi hizo, wakipanda na kushuka kama wale watoto, huku mwenzao mmoja akirekodi kwa simu.

Wenyeji ndio hawaujui wimbo huo. Nafanya kazi kwenye jiko la nyumba ya kutunzia wazee, na wenzangu Waaustria, watu waliozaliwa na kukulia hapa hapa, wengi hawajawahi kuitazama filamu hiyo hata mara moja. Mwanzoni nilishangaa, baadaye nikaielewa sababu. Wao walikuwa na filamu yao ya Kijerumani kuhusu familia ya von Trapp tangu mwaka 1956, na ya Kimarekani ilipokuja mwaka 1965 waliona nchi yao imechorwa na mgeni: nguo si zao, nyimbo si zao. Na ilikumbusha mambo ya mwaka 1938, Wanazi wa Ujerumani walipoichukua Austria, ambayo wengi hawakutaka kuyaongelea. Mjini Munich msimamizi mmoja wa usambazaji alikata sehemu ya mwisho yote, ile yenye Wanazi, na kampuni ikamfukuza kazi. Jumba kuu la maonyesho la Salzburg liliuweka jukwaani mchezo wa kuigiza ambao filamu ilitokana nao kwa mara ya kwanza mwaka 2011, zaidi ya nusu karne baada ya New York.

Maana wimbo huu ulizaliwa New York, si milimani. Mchezo ulifunguliwa Broadway, kwenye majumba makuu ya maonyesho ya New York, Novemba 1959, Mary Martin akiigiza Maria. Muziki ulitungwa na Richard Rodgers na maneno na Oscar Hammerstein, aliyekufa kwa saratani ya tumbo Agosti 1960 bila kuiona filamu. Kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi inavyostahili, Trude Rittmann, mpangaji wa muziki aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi. Yeye ndiye aliyeupanua wimbo: pale Maria anapompa kila mtoto noti yake, kisha anazichanganya noti hizo mpaka unazaliwa wimbo mwingine, ni kazi yake. Mkimbizi wa kweli aliweka mkono wake kwenye wimbo mtamu kuliko yote katika hadithi ya wakimbizi. Nadhani kila anayeruka kwenye zile ngazi angefaa aambiwe hilo.

Jukwaani wimbo huo uliimbwa ndani ya nyumba ya kapteni. Walipokuja kupiga picha Salzburg mwaka 1964, mwongozaji Robert Wise aliutoa nje. Unaanzia kwenye uwanda wa majani huko Werfen, gitaa mapajani, ngome ya Hohenwerfen ikionekana nyuma, kisha unatembea na watoto mjini hadi Mirabell. Kwa sinema ni kama mchana mmoja, lakini mavazi yanabadilika, na unapofika mwisho watoto ambao hawakujua wimbo wowote wanaimba kwa sauti zilizopangwa. Ni wiki kadhaa za mazoezi zilizobanwa ndani ya dakika chache.

Watoto wa kweli wa von Trapp walikuwa wakiimba na kupiga ala hata kabla ya Maria kuingia nyumbani kwao mwaka 1926, na aliyewanoa hadi wakawa kwaya ya kusafiri ni padri, Franz Wasner. Wala hawakuvuka milima kwa miguu kama kwenye filamu. Walipanda treni kwenda Italia. Hayo hayanisumbui. Kilicho cha kweli katika wimbo huu ni njia ya kufundishia, na njia hiyo ina umri wa karibu miaka 1000.

Mtawa wa Kiitalia, Guido wa Arezzo, alichoshwa na kuona waimbaji wakikariri kila wimbo kwa kusikiliza. Aliandika kwamba miaka 10 haikutosha kumfanya mtu awe mwimbaji kamili kwa njia ile, na kwamba kwa njia yake ungetosha mwaka 1, au isiyozidi 2. Alitumia utenzi wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mbatizaji ambao kila mmoja wa mistari yake sita ya kwanza unaanza noti moja juu ya ule uliotangulia. Silabi za mwanzo za mistari hiyo ni ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do, na noti ya saba ikaongezwa.

Sasa usikilize wimbo wa Rodgers kwa makini. Mstari wa kwanza unaanzia kwenye do. Wa pili unaanzia kwenye re. Wa tatu kwenye mi, na hivyo hivyo mpaka ti, kisha unarudi kwenye do. Ni ufundi ule ule wa Guido, neno kwa neno, au tuseme noti kwa noti. Hammerstein aliipa kila noti picha ya kuishikilia kichwani, isipokuwa noti ya “la”, ambayo anasema tu kwamba inafuata so. Mtoto akiuimba wimbo huo mara chache anakuwa ameibeba skeli nzima, yaani ngazi yote ya noti, na kila noti ana pa kuitafuta. Ndiyo maana mtoto wa Dodoma na wa Osaka wanaushika kwa siku moja.

Mimi niliuona katika kanda ya video, sekondari, tukiwa tumejazana kwenye bwalo la chakula. Wengi wetu tulikuwa wanakwaya wa Kilutheri, na Maria alipoanza do, re, mi, bwalo zima liliitikia. Hakuwa anatufundisha jambo jipya. Tulikuwa tumelelewa nalo.

Solfa, yaani kusoma muziki kwa do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, ilitufikia kwa njia nyingine. Huko Norwich, Uingereza, karne ya 19, mwalimu aitwaye Sarah Glover aliandika noti kwa herufi za kawaida badala ya vichwa na mikia kwenye mistari mitano. Ni yeye aliyeibadilisha noti ya saba, iliyoitwa “si”, ikawa “ti”, ili kila noti ianze na herufi yake. Mchungaji John Curwen akaichukua kazi hiyo, akaipanua na kuisambaza. Ilihitaji kibao na chaki tu, na mchapaji yeyote mwenye herufi za kawaida aliweza kuichapa. Wamisionari waliibeba mpaka Madagaska, Afrika Kusini na kwingineko. Katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, mwalimu Enoch Sontonga alikuwa akiandika nyimbo zake kwa solfa kwenye daftari. Mmojawapo, wa mwaka 1897, ndio unaobeba sauti ya “Mungu ibariki Afrika”. Mtanzania anayedhani solfa ni kitu cha kitoto au cha kizamani akumbuke kwamba wimbo wake wa taifa uliandikwa kwanza kwa herufi hizo.

Sijui kama nitaweza kumfanya mtu ambaye hajawahi kuimba kwaya aione picha hii, lakini nijaribu. Jumamosi saa kumi jioni, vumbi la chaki. Mwalimu wa kwaya anaandika mistari minne, mmoja kwa kila sauti, herufi ndogo zikitenganishwa na nukta mbili na vistari vya kusimama, kialama kidogo juu ya herufi ikiwa noti ni ya juu. Hakuna kinanda, umeme umekatika au kinanda chenyewe hakipo. Mwalimu anavuta sauti kifuani mwake na kutoa do. Sauti ya kwanza wanaimba noti bila maneno, mara mbili. Sauti ya pili. Sauti ya tatu, ambao kila mara wana mtu mmoja anayechelewa kutoka kazini. Besi. Kisha wote pamoja, bado noti tupu, na hapo ndipo inapotokea: watu arobaini, fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi, muuza mitumba, mwanafunzi wa kidato cha pili, wanaimba kwa sauti nne wimbo ambao nusu saa iliyopita hakuna hata mmoja wao aliyeujua. Maneno yanakuja baadaye. Nimeona kwaya za namna hii zikiimba Haleluya ya Handel wakati wa Pasaka, na waimbaji wengi hawakuwahi kugusa ala yoyote maishani.

Huku nilipo, muziki umejengewa nyumba nzuri kuliko popote nilipowahi kufika. Mtoto wa jirani yangu anajifunza chelo kwenye shule ya muziki inayobebwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma, na mwalimu wake ana shahada. Kuna ukumbi wa okestra, kuna chuo kikuu cha muziki, kuna tamasha kubwa kila kiangazi, na nyumba aliyozaliwa Mozart ipo mtaa wa Getreidegasse namba 9 kwa yeyote mwenye nauli na kiingilio. Nasema kwa moyo mmoja, natamani mtoto wa Mbagala au wa Kibosho apate nusu ya hayo. Kwetu mtoto mwenye kipaji anategemea kanisa, na kama mwalimu wa kwaya akihama, kipaji kinalala.

Ila kuimba kwa watu wa kawaida hapa naona kumepungua sana. Mzee mmoja tuliyemhudumia alipofariki, kanisani wimbo ulitoka kwenye spika, nasi tuliokaa kwenye mabenchi tukausikiliza kimya mpaka mwisho. Nilitaka sana kuimba, na sikuwa na wa kuimba naye. Jengo ninaloishi lina kanuni zilizobandikwa karibu na lifti: baada ya saa nne usiku, kimya. Tulipofanya mazoezi ya Krismasi sebuleni kwangu, jirani aligonga ukuta ingawa saa nne haikuwa imefika. Wenzangu jikoni wakiniuliza habari za kwaya ya nyumbani, swali lao la kwanza ni kama tulifanyiwa usaili wa sauti. Wamekubali kwamba mtu ama ana kipaji ama hana, na asiyekuwa nacho akae asikilize. Njia ya Guido ilitengenezwa hasa kwa ajili ya huyo anayeambiwa akae.

Ndiyo maana ninayoyasikia kutoka nyumbani yananiuma. Siku hizi kwaya nyingi zinajifunza wimbo kwa rekodi iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kila sauti inapata faili lake, kila mtu anakariri peke yake kwenye daladala, Jumamosi wanakuja kuunganisha. Kinanda kinabeba mapungufu, na midundo ya programu inafunika yaliyobaki. Rafiki yangu anayefundisha kwaya Dar aliniambia vijana wake wanaona solfa inawachelewesha. Namwelewa: kuna mashindano, kuna albamu ya kurekodi, kuna video ya kupiga. Lakini kukariri rekodi ndiko kule kule alikokukimbia Guido. Ukikariri wimbo mmoja unajua wimbo mmoja. Maria anawaambia watoto hilo hilo ndani ya “Do-Re-Mi” yenyewe: ukishazijua noti, utaimba karibu kila kitu.

Hapa Salzburg tuko Watanzania na Wakenya wachache tunaokutana kusali kwa Kiswahili, na watoto wetu nimewaanzishia solfa. Shuleni wanajifunza noti kwa majina ya Kijerumani, C, D, E, F, G, A, na H pale wengine duniani wanaposema B. Mzazi mmoja aliniuliza kwa nini niwachanganye. Nilimjibu kwamba herufi za shule zinakiambia kidole kibonyeze wapi, na solfa inaliambia sikio kila noti inakaa wapi na nyingine. Mtoto anahitaji yote mawili, hasa siku asipokuwa na kinanda mbele yake. Naanza na “Do-Re-Mi” kwa sababu wanaipenda, na tunaimba tukipanda ngazi za ndani ya ukumbi wa parokia tunaoazimwa, mtoto mmoja kila ngazi. Wakishaweza kuruka kutoka do hadi so bila kupotea, nawaandikia tenzi ubaoni.

Kwa walimu wa kwaya mlioko nyumbani ninaomba jambo dogo. Rekodi itumeni, vijana waisikilize, lakini muitume baada ya noti kuandikwa na kuimbwa, isiwe badala yake. Na kwa wanaopanga masomo ya shule ya msingi: darasa lenye watoto themanini na bila ala hata moja linaweza kufundishwa kusoma muziki kwa chaki na mwalimu mwenye sauti ya wastani. Walimu hao wapo tayari, wako kwenye kwaya zetu kila Jumapili. Waitwe darasani wangali hai na kumbukumbu zao zikiwa timamu, walipwe, na wapewe kibao.