Tulivyofuatana Hadi Getini kwa Watu

Kama hujawahi kuendesha baiskeli ukipingana na upepo, huwezi kuelewa kwa nini watu wazima watatu, wenye akili timamu na familia zao, waliingia ndani ya geti la mtu wasiyemjua huku wamepanga mstari.

Ilikuwa breveti ya kilomita 200. Breveti si mashindano. Unapewa kadi, unapita vituoni, unagongewa muhuri, na ukimaliza ndani ya saa 13 na nusu basi wewe na yule aliyefika mapema mko sawa. Ukizidisha hapo, hesabu kwamba ulikuwa unapasha misuli.

Tulikuwa mimi, Kamanda na Mheshimiwa. Kamanda alijipa cheo mwenyewe kwa sababu ndiye mwenye kile kifaa cha kuonyesha njia, kinachofungwa kwenye usukani. Ni mtu wa kukukumbusha, hasa mkiwa kwenye mlima na huna pumzi ya kumjibu, kwamba Paris–Brest–Paris, ile safari ndefu ya baiskeli ya Ufaransa, ilianza mwaka 1891 na kwamba siku hizi watu wanaendesha kilomita 1,200 ndani ya saa 90, "sasa wewe unalalamika nini?" Mheshimiwa yeye hakuwa na kifaa. Alikuwa na haya. Kaptura ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila kitu ndani, tulimweleza, akasema yeye amelelewa vizuri. Kufika kilomita ya 80 mshono wa hiyo chupi ya malezi mema ulikuwa umemchora mahali ambapo hawezi kumwonyesha hata daktari, akawa anaendesha amesimama.

Upepo ulianza kutukabili baada ya kituo cha kwanza. Ukiwa peke yako mbele, unasukuma ukuta. Ukijificha nyuma ya mwenzako unaokoa nguvu nyingi, hata theluthi. Shida ni kwamba sisi kila mmoja alitaka kuwa wa nyuma. Kamanda akikaa mbele dakika mbili anakumbuka kunywa maji. Mheshimiwa akikaa mbele hakingi kitu, maana amesimama na upepo unapita katikati. Kwa hiyo lilipotupita kundi la waendeshaji wanane, jezi zimefanana, pumzi zimetulia, hatukuitana. Tulijikuta tu tumedandia mkiani.

Raha ya kubebwa na kundi ni kwamba hufikirii. Ubaya wake ni huohuo. Macho yako yanabaki kwenye gurudumu la mbele, maana ukiligusa unakula lami. Mimi kwa muda mrefu ule dunia yangu yote ilikuwa shavu la mguu wa bwana mmoja, lenye vumbi, na alama nyeusi ya grisi iliyojichora meno ya gia, manne na nusu. Ningeweza kumtambua mahakamani kwa huo mguu. Uso wake sikuwahi kuuona.

Karibu na kilomita ya 104 kundi likakata kona. Kifaa cha Kamanda kikalia. Kikalia tena. Kamanda akakinyamazisha. "Betri hiyo," akasema.

Na hapo ndipo upepo ulipogeuka ukawa unatusukuma. Jamani, tulishukuru! Mheshimiwa alisema kwa sauti kwamba kumbe sala inajibiwa. Mwendo ukapanda hadi kilomita 35 kwa saa, hakuna hata mmoja aliyejiuliza upepo uliokuwa usoni tangu asubuhi umewezaje kuhamia mgongoni ghafla namna ile. Upepo ulikuwa palepale. Tuliogeuka ni sisi.

Kundi likapunguza mwendo, likaingia barabara ya vumbi, likapita geti lililokuwa wazi. Nikawaza, hiki kituo kimepangwa vizuri, hata maua yapo. Wenzetu wakawa wanashuka mmoja mmoja. Viatu vyetu hivi vina chuma chini kinachonasa kwenye pedali. Kutoka ni lazima upindishe kisigino kwa nje. Mheshimiwa miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akasimama, akajaribu kupindisha, kikagoma. Akaanza kuinama taratibu kabisa kama mnazi unaokatwa, huku anasema "nashuka, nashuka," akamwangukia Kamanda, Kamanda akaniangukia mimi, mimi nikaangukia vyungu vya maua. Wote watatu chini, miguu bado imefungwa kwenye baiskeli.

Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka na trei ya glasi za maji. Akahesabu vichwa, akarudi ndani kuongeza.

"Shikamoo mama," nikamwitikia kutoka kwenye vyungu, ingawa hakuwa amenisemesha. "Muhuri unagongwa wapi?"

"Marahaba. Muhuri wa nini, baba?"

Mwenye lile shavu la mguu akageuka. Ndiyo kwanza namwona uso: mzee wa heshima, ndevu nyeupe. Akatueleza kwa upole kwamba wao walitoka kufanya mazoezi yao ya kawaida, na hapa ni kwake. Alidhani sisi ni wageni wa mmoja wa wenzake. Wenzake walidhani ni wageni wake. Tulipewa maji, tukaviinua vyungu, tukaaga. Tulikuwa kilomita 11 nje ya njia.

Kamanda akafungua kifaa chake, ambacho betri ilikuwa imejaa tele, akaona njia ya mkato. Nikamkumbusha sheria anayotuhubiria kila siku: ukitoka njiani, unarudi kuingilia palepale ulipotokea. Basi kilomita zote 11 tukazirudia, sasa upepo uko kifuani, na hakuna kundi la kudandia. Paris–Brest–Paris haikutajwa hata mara moja.

Kituo cha kilomita 132 kilikuwa kinafungwa saa 8:48 mchana. Tuliingia saa 8:39, Mheshimiwa akiwa ameshafanya uamuzi nyuma ya kichaka na chupi imebaki huko. Kuanzia hapo aliendesha vizuri kuliko sisi sote.

Tulimaliza saa 1:17 usiku, zikiwa zimebaki dakika 13. Dada wa mezani alipokuwa anagonga mihuri, Kamanda akamwonyesha kifaa: kilomita 222. Akaeleza kwamba kwa siku ile hakuna aliyeendesha masafa marefu kuliko sisi, na akaomba, kwa heshima zote, zile 22 ziandikwe pembeni ya kadi. Dada akamtazama, akaitazama jezi yake yenye udongo wa chungu mgongoni, akagonga muhuri.

"Anayefuata!"