Kondo ni la mtoto, mama mnamlaumia nini?

Huku Tanga mimba ikitoka, mama wa watu hajanywa hata uji mawifi washatoa hukumu: tumbo lake halishiki huyo, sijui kachezewa, sijui alibeba ndoo za maji. Mi naona tunamuonea tu.

Kondo la nyuma sio kiungo cha mama bana. Sehemu kubwa linatokana na lile lile yai lililorutubishwa, kwa hiyo jeni za baba zimo humo nusu kwa nusu. Nesi wa leba akishalipokea analitandaza kwenye trei, anageuza upande huu na huu kuangalia vipande vimetimia maana kikibaki kimoja ndani mama anaweza kuvuja damu, halafu linawekwa kwenye ndoo bibi anaenda kulizika. Baba yupo nje kwenye benchi anachati, na nusu ya kile kitu ni yake.

Sasa zile seli za nje za mimba changa, trofoblasti, zinajuaje lini ziendelee kuzaliana na lini ziwe kondo? Wasimamizi wamo wengi, ila baadhi ni vipokezi vya kiini, protini za ndani ya seli ambazo nyingi zinasubiri homoni, au mafuta, au kitu kinachotokana na vitamini A, kikifika kinanasa, kipokezi kinashika DNA na jeni fulani inawashwa, nyingine inazimwa. Binadamu tunavyo aina 48, na vingine havisubiri chochote, vinachapa kazi tu.

Mwaka 1999 maabara ya Ronald Evans kule California walizima jeni ya kipokezi kinaitwa PPAR gama kwenye panya. Vijusi vikafa kama siku ya 10, na moyo ulikuwa na ukuta mwembamba, ungeapa ni ugonjwa wa moyo. Wakavipa vijusi vya namna hiyo hiyo kondo lenye jeni nzima, na ukuta wa moyo ukajengeka vizuri! Moyo ulikuwa unasingiziwa, tatizo lilikuwa kwenye kondo. Hapo ndio mawifi wananijia kichwani, wenzetu na maabara zao ilibidi wabadilishe kondo ndio wajue kosa liko wapi, sisi tunajua kwa kumwangalia mtu anavyotembea. Sisemi kila mimba inayotoka chanzo ni hicho, sababu zipo kibao.

Na kuna kipokezi kingine, ERR beta, panya akikikosa seli mama za kondo, yaani zile zinazozalisha seli nyingine za kondo, zinaisha, zinageuka mijiseli mikubwa isiyozaliana tena. Marekani kuanzia miaka ya 1940 mpaka 1971 wajawazito walikuwa wanapewa DES, homoni ya kutengeneza, eti izuie mimba isitoke. Haikuzuia kitu, na baadhi ya mabinti waliozaliwa walikuja kupata kansa ya uke ujanani, halafu 2001 ikaonekana hiyo DES inakizima ERR beta na kuvuruga kondo la panya. Yaani dawa ya kushikilia mimba inaharibu kondo lenyewe, mwee!

Ndio maana nachukia nikisikia shoga anamwambia shoga mwenzie nenda duka la dawa kaulize vidonge vya homoni vya kushikilia mimba, kama anaagiza panado. Mimba ikikusumbua nenda kliniki, wakupime presha na mkojo, homoni akuandikie daktari aliyekuona, na mume nenda naye maana kondo lake pia.