Bunduki ya upepo ya bei nafuu: niliyomwambia shemeji

Shemeji yangu wa Coventry alinipigia simu Jumapili moja jioni kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Panya wamemhamia. Anafuga kuku sita uani, na anasema siku hizi panya hawasubiri hata giza; saa kumi alasiri wameshafika, wanakula bega kwa bega na kuku. Dawa yao alikwisha kuiona mtandaoni: bunduki ya upepo, seti kamili, ina darubini, begi na kopo la risasi, yote pauni 110. "Shemeji, wewe nipe baraka tu niagize."

Baraka sikumpa. Miaka minne iliyopita nilinunua bunduki inayofanana na hiyo, kwa pauni 120, na katika ukoo wetu huku Uingereza nimekuwa mtaalamu wa jambo hili kwa sababu moja tu: nilikosea mapema kuliko wenzangu.

Naishi kijijini Lincolnshire, nyumba ya kupanga yenye bustani ndefu nyembamba, banda la kuku mwishoni, sukuma wiki pembeni. Jioni moja panya alitokea kando ya chombo cha maji, mita kama 12 kutoka dirisha la jikoni. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima na nilijiona nimeiva. Nikapiga. Nilimpata mapajani. Akajiburuta hadi chini ya kibanda cha zana, na huko akawa analia, sauti nyembamba kama ya bawaba kavu, kwa dakika ambazo sikuzihesabu. Sikuweza kumfikia. Binti yangu aliuliza kutoka ndani, "Baba, nini hicho?" nikamwambia funga mlango.

Kesho yake nilifungua darubini nione kosa. Kwenye reli juu ya bunduki palikuwa na mchubuko mpya unaong'aa, urefu wa punje ya mchele. Vibano vya darubini vilikuwa vimeteleza nyuma kiasi hicho tu. Darubini iliyolegea hivyo haibaki imelenga palepale, na kosa dogo tu linatosha kuhamisha risasi kutoka kichwani hadi mapajani.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho matangazo hayakisemi. Hapa England sheria inaruhusu kumiliki bunduki ya upepo bila cheti mradi nguvu yake mdomoni mwa mtutu isizidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16. Watengenezaji karibu wote wanasogelea mpaka huo na kusimama. Kwa hiyo ile ya pauni 110 na ile ya pauni 600 zinapiga kwa nguvu ileile, au karibu sawa. Pesa ya ziada hainunui nguvu. Inanunua mtutu unaorudisha risasi palepale mara kumi mfululizo, na kifyatulio kisichokuvuta pembeni. Ukikutana na tangazo linalojigamba kwa kasi ya futi 1,000 kwa sekunde, ujue limeandikiwa Wamarekani, au linakuuzia kelele.

Shemeji akasema, sawa, lakini mimi sina pauni 600. Wala mimi sina. Tuzungumzie basi bunduki za watu kama sisi.

Ziko za aina mbili hasa. Ya springi unaikunja mtutu, springi inajikaza, ukifyatua pistoni inakimbia mbele na kusukuma hewa. Haihitaji kitu kingine chochote, na ikitunzwa inarithiwa. Ya mtungi inabeba hewa iliyoshindiliwa. Haitikisiki, mtoto wa shule angeweza kulenga nayo, lakini bei ya bunduki ni nusu ya hadithi. Utahitaji pampu, na pampu ya mkono ni kazi ya jasho hasa, au mtungi wa wapiga mbizi na mahali pa kuujaza. Kwa mtu anayetafuta unafuu, ya springi.

Tatizo la ya springi ni tabia yake. Pistoni ikikimbia mbele bunduki inaruka nyuma, pistoni ikigonga mwisho bunduki inaruka mbele, na yote hayo yanatokea risasi ikiwa bado imo mtutuni. Ndiyo maana darubini za bei rahisi, hata zile zinazovumilia bunduki kubwa za baruti, hufa juu ya bunduki ya springi: zimeundwa kustahimili mshtuko wa upande mmoja. Na ndiyo maana ukiishika kwa kuibana kama mwizi wako, inakosa. Inatakiwa ilale kiganjani, uiache irukeruke inavyotaka, ilimradi iruke vilevile kila mara. Hilo lilinichukua makopo mawili ya risasi kulielewa.

Ushauri wangu kwa shemeji ulikuwa huu: achana na seti. Tafuta ya springi iliyotumika, ya mtengenezaji anayejulikana. Mimi sasa ninayo HW99S ya Weihrauch, kampuni ya Mellrichstadt huko Bavaria, iliyoanza mwaka 1899. Mpya inazidi pauni 300. Ya kwangu niliipata kwa 170 kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, kitako kimechubuka, mtutu safi kama kioo. Ina uzito wa kilo tatu hivi, na kifyatulio chake kinaachia ghafla na safi, kama mshumaa mwembamba unaovunjika, huku kile cha ile bunduki ya kwanza kilikuwa kama kuvuta droo iliyokwama. BSA za Birmingham za zamani, zile Meteor zilizoanza kutoka mwaka 1959, bado zinazunguka kwa bei ya chini kabisa, na ukipata ambayo haijachokonolewa si haba.

Neno "haijachokonolewa" nalitilia mkazo. Kuna watu hubadilisha springi ili kuongeza nguvu. Ukinunua bunduki inayovuka futi-pauni 12, hata kwa kutojua, mkononi una silaha inayotaka cheti, na cheti huna. Yule aliyeibadilisha ameshakula pesa yako na kuondoka. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia: duka la bunduki lina kipimo cha kasi, mlipe kidogo aipime. Halafu shika mtutu uuyumbishe kushoto na kulia. Ukicheza kwenye kiungo, mrudishie mwenyewe. Na unapoweka risasi, mkono mmoja ushike mtutu daima, maana kifyatulio kikikusaliti mtutu unafunga kwa nguvu inayokata kidole.

Kuhusu ukubwa wa risasi, ni milimita 4.5 au 5.5. Ya 4.5 ni nyepesi, inakwenda kasi, njia yake imenyooka zaidi. Ya 5.5 ni nzito, inajipinda chini mapema, lakini inagonga vizuri kwa karibu. Waingereza wana kauli yao kwamba ndogo ni ya manyoya na kubwa ni ya manyoya. Kwao ni maneno mawili tofauti, la ndege na la mnyama, kwetu sisi yote manyoya, na nadhani Kiswahili kimewapatia. Ukimpiga panya mahali sahihi hajui ilikuwa milimita ngapi. Mimi natumia 5.5 kwa sababu silengi mbali zaidi ya mita 20. Asiye na uhakika wa kukadiria umbali achukue 4.5.

Mahali sahihi ni ubongo, na ni padogo. Chukua sarafu ya pauni moja, ichore duara kwenye karatasi, piga risasi tano. Zote zikiingia, sogea nyuma mita tano. Umbali ambao hata moja inatoka nje ndio mwisho wako. Usinitajie mtu wa mtandaoni anayepiga mita 50. Na ukishamaliza nawa mikono kabla ya kushika chai: kwa Kiswahili risasi ni ile inayopigwa na ni madini yenyewe, na hivi vidonge ni yote mawili.

Sasa sheria, ambayo shemeji alitaka kuiruka. Lazima uwe na miaka 18 ili kuinunua. Duka haliruhusiwi kukutumia kwa posta hadi mlangoni. Wa duka lazima akukabidhi ana kwa ana. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi mitatu au zaidi hapaswi kuigusa kwa miaka mitano, na aliyefungwa miaka mitatu au zaidi, maisha yake yote. Risasi ikivuka uzio wako bila ruhusa ya jirani, ni kosa, hata kama haijamgusa mtu. Nyumbani uifungie mahali ambapo watoto hawafiki. Binamu yake shemeji aliyeko Glasgow asitumie maneno yangu kabisa, maana Scotland tangu 31 Desemba 2016 wanadai cheti, na Ireland ya Kaskazini wanadai cheti kwa yoyote inayozidi jouli 1. Na tafadhali, mtu asifikirie kuifunga ndani ya kanga apelekewe mjomba Tanga. Kwetu sheria ya silaha ni nyingine, na forodhani hawatacheka.

Kuna jambo halimo katika sheria yoyote, nalo nilimwambia kwa utaratibu. Wewe ni mtu mweusi, shemeji, na utaonekana uani umeshika kitu kirefu chenye darubini. Kutoka dirisha la jirani haijulikani kama ni ya upepo au ya baruti. Atapiga 999, simu ya dharura, na polisi watakaokuja wana silaha, hawaji kuuliza habari za kuku. Mimi nilizunguka nyumba nne kabla sijapiga hata risasi moja, nikiwa na mayai sita kwa kila nyumba. Nikasema nina panya, nina bunduki ya upepo, nitapiga kuelekea udongo ule pale, jioni, mkiona kitu kinawatia shaka nipigieni simu. Mama mmoja mzee aliniuliza kama ningeweza kushughulikia na kindi wake wa kijivu. Mwingine alikunja uso, na upande wake sijawahi kuelekeza mtutu. Nikisafiri na bunduki kwa gari, iko ndani ya begi, haina risasi, na nina sababu ya kuibeba, kwa maana kuwa nayo mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa hata ikiwa tupu.

Panya na kindi wa kijivu unaweza kuwapiga bila kibali, ilimradi usiwatese. Ndege ni habari nyingine. Njiwa mwitu wanamaliza sukuma wiki wakati wa baridi, wanaacha mishipa imesimama kama mifupa ya samaki, na nilitamani sana. Lakini ndege wote wa porini wanalindwa, na kile kibali cha jumla kinachoruhusu kuua njiwa kwa ajili ya mazao kinataka uharibifu uwe mkubwa na uwe umejaribu kwanza njia zisizoua. Nikanunua wavu wa pauni 14 na fito za mianzi. Sukuma wiki imepona, njiwa amehamia kwa jirani. Wanaouliza kuhusu njiwa huyo kwenye pilau wakamwone sheikh, na wamweleze kweli kwamba kidonge hiki huua kwa kugonga kama kinavyoua kwa kutoboa, maana mjadala uko hapo.

Shemeji alinyamaza kidogo kisha akauliza swali ambalo angeanza nalo: je, panya waliisha? Kwa bunduki, hapana. Panya jike hubeba mimba wiki tatu, anazaa hata wanane kwa mkupuo. Mimi nilikuwa naua wawili kwa wiki na kujiona shujaa. Walioniondolea panya ni chombo cha chakula cha kuku kinachofunguka kuku akikanyaga ubao, panya hana uzito wa kutosha, na wavu wa chuma chini ya banda nzima, kazi ya wikiendi moja na mgongo kuuma. Nafaka ikaondoka sakafuni, nao wakaondoka. Bunduki ilibaki na wale wawili watatu wakaidi, waliokuja kukagua kama kweli hoteli imefungwa. Kwa hao inafaa kuliko sumu, kwa sababu bundi anayekula panya wa sumu naye hula sumu, na kuna bundi mweupe kwenye ghala la jirani nisiyetaka kumkosa.

Kwa hiyo nilimwambia anunue chombo cha chakula wiki hii, wavu wiki ijayo, na bunduki mwezi ujao kama bado kuna anayekuja. Akasema nimekuwa Mzungu. Halafu, kama mtu aliyekuwa anangojea nafasi, akauliza ile yangu ya kwanza iko wapi.

Iko darini. Anaitaka kwa pauni 40. Nimemjibu aje Jumamosi, nitamwekea kopo la maziwa mita 12, apige risasi tano kwanza, kisha tuzungumze bei.